FHA wanataka cheti cha msingi wa nyumba ya kiwandani: injinia anatafuta nini uvunguni?

Mnunuzi_Iowa

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii.

Nyumba ni ya kiwandani, ya vipande viwili, futi 28 kwa 56, ilitengenezwa 1998. Ipo Iowa kwenye kiwanja chake, si ile ya kwenye paki ya kukodi nafasi. Mkopo ni wa FHA, shirika la serikali ya Marekani linalodhamini mikopo ya nyumba. Benki inasema haipitishi chochote mpaka ipate barua ya injinia kwamba msingi ni wa kudumu. Muuzaji anasema kaunti iliikagua nyumba ilipofungwa (yaani ilipowekwa hapo) na ilishawahi kuwekwa rehani, kwa hiyo haoni haja ya barua nyingine.

Hali ya uvunguni: nguzo za bloku zilizopangwa kavu bila saruji, bloku nne kwenda juu, na kabari za mbao juu yake. Nguzo zimekaa kwenye besi za duara za zege la kumwaga. Mikanda ya chuma imefungwa kwenye nanga za kusokota ardhini. Sketi ni ya plastiki tupu. Ulimi wa kuvutia bado upo, umefichwa nyuma ya sketi. Kile kibati chekundu cha HUD (wizara ya nyumba ya Marekani) kipo kwenye kipande kimoja tu, kwenye kingine hakipo. Nyuma kuna baraza ambayo paa lake limeshikizwa kwenye ukuta wa nyumba, ilijengwa baadaye.

Je, kibali cha kaunti hakitoshi? Kipi kati ya hivi kitaangusha cheti, na nianze na nani?

---

FundiUvungu

Karibu ndugu. Muuzaji hakudanganyi, ila anajibu swali jingine. Kaunti iliangalia kama nyumba imefungwa kwa kanuni za ufungaji, za kiwanda na za jimbo, na kanuni hizo zinaruhusu bloku kavu na nanga za kusokota. FHA wanauliza kama msingi unalingana na mwongozo wa HUD wa misingi ya kudumu ya nyumba za kiwandani, toleo la Septemba 1996, namba HUD-7584. Na wa kulijibu hilo ni injinia mwenye leseni ya jimbo ambako nyumba ipo. Nyumba inaweza kuwa halali kukaliwa miaka yote na bado ikakosa cheti.

Mwongozo ni mnene lakini maana yake ya "kudumu" ni fupi. Msingi ujengwe palepale kwenye kiwanja, kwa zege, kwa bloku zilizojengewa saruji au kwa mbao zilizotiwa dawa, na uwe na sehemu za kuishika nyumba ili kila mzigo ufike kwenye udongo au mwamba. Baada ya hapo injinia anahesabu vitu vitatu, ambavyo kwenye majedwali utaviona kama Aftg, Av na Ah: eneo la besi, nguvu ya kuizuia nyumba isinyanyuke, na nguvu ya kuizuia isiteleze. Ya kuteleza inahesabiwa mara mbili, kwa upana na kwa urefu. Huo wa urefu ndio husahaulika. Utakuta nyumba ina mikanda ya pembeni mizuri kabisa na hakuna kitu hata kimoja kinachozuia isisukumwe kuelekea nchani.

Sasa ya kwako.

Nanga za kusokota: mwongozo unasema waziwazi kwamba hazihesabiwi kuwa nanga za kudumu. Hapo hakuna majadiliano. Udongo ukilowa, au ukiganda na kuyeyuka mara nyingi, bapa la nanga hupoteza mshiko. Mkanda ukishalegea hata inchi moja, nyumba inatikisika kwanza ndipo nanga ianze kufanya kazi.

Besi: ziwe za zege lenye nondo, pana vya kutosha kwa udongo uliopo, na kitako chake kiwe chini ya kina ambacho ardhi huganda. Iowa kina kinachotumika ni inchi 42. Maji ya kwenye udongo yakiganda hupanuka na kuinua besi fupi, na yakiyeyuka besi hairudi pale ilipokuwa. Ndipo milango inagoma kufunga na dari inapasuka kwenye mshono wa kati. Za kwako kuwa za duara na za kumwaga ni dalili nzuri, kwa sababu mtu haleti mashine ya kutoboa ardhi ili achimbe inchi sita. Lakini dalili si ushahidi. Nenda kaunti uombe nakala ya kibali na taarifa ya ukaguzi wa mashimo kabla ya zege kumwagwa. Ikikosekana, chimbua ubavu wa besi moja ya ukingoni na moja ya ndani mpaka uone mwisho wake. Injinia naye atataka kuuona.

Bloku kavu hazikubaliki zilivyo, ila zinarekebishika. Sketi ya plastiki tupu nayo hivyohivyo. Ulimi ni kazi ya saa chache, lakini usiudharau: FHA wanataka ulimi, ekseli na magurudumu viondolewe kabisa. Kuvisukuma ndani si kuviondoa.

Kinachoamua kama unanunua nyumba hii au unaiacha ni kina cha besi. Vingine vyote vina bei inayoweza kukadiriwa. Besi fupi chini ya nyumba iliyokwishakaa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mashine haiingii uvunguni.

---

MamaHati

Nakubaliana na FundiUvungu, ila kabla hujamlipa injinia malizana na vibati. Injinia anathibitisha msingi tu. Bila utambulisho wa nyumba, benki haina cha kufanya na barua yake.

Kibati cha HUD ni cha chuma, chekundu, takriban inchi 2 kwa 4, na kila kipande cha nyumba kina chake, nje, upande wa nyuma zilikokuwa taa za kusafiria. Namba yake ina herufi tatu za mwanzo zikifuatwa na tarakimu. Nyumba ya vipande viwili ni vibati viwili. Kilichopotea hakichapishwi tena. Mara nyingi hubanduliwa na watu wanaobadilisha mbao za ukuta wa nje, kisha hutupwa na takataka. Kinachokubalika badala yake ni barua ya uthibitisho kutoka IBTS, taasisi inayotunza kumbukumbu hizo kwa niaba ya HUD. Kuipata unahitaji namba ya kibati au namba ya usajili ya kiwanda.

Namba ya kiwanda utaipata sehemu mbili. Ya kwanza ni karatasi ya maelezo ya nyumba, ambayo hubandikwa ndani karibu na boksi la umeme, kwenye kabati la jikoni au la chumbani. Usiibandue, ipige picha nzima, pamoja na ramani zake za upepo, theluji na joto, kwa sababu injinia atazihitaji. Ya pili imegongwa kwenye chuma cha mbele kabisa kinachovuka chasisi, kwa herufi ndogo za 3/8 ya inchi. Chuma hicho kipo palepale ulimi unapoungana na chasisi. Kwa hiyo, kaka, atakayekuja kuukata ulimi kwa gesi mwambie asiguse chuma kinachovuka. Kama umefungwa kwa bolti, afungue. Kama umechomelewa, akate upande wa nje. Namba ikishaungua hapo, na karatasi ya ndani haipo, utambulisho wa nyumba unakuwa kesi.

Mambo mengine mawili ya karatasi. Nyumba za kabla ya Juni 15, 1976 FHA hawazigusi, lakini ya 1998 iko salama. Na iwe imetoka kwa kiwanda au duka ikaja moja kwa moja hapo ilipo. Nyumba iliyowahi kufungwa kwingine kisha ikahamishwa haipiti, hata msingi mpya uwe imara namna gani. Linganisha tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kibali cha kaunti. Zikipishana miaka mingi, muulize muuzaji ilikuwa wapi katikati.

Halafu hati ya umiliki. Nyumba hizi huzaliwa na hati kama ya gari. Kwa mkopo wa nyumba lazima iwe imegeuzwa kuwa mali isiyohamishika na itozwe kodi hivyo. Iowa, mkadiriaji wa kodi wa kaunti hukagua kama imekaa kwenye msingi wa kudumu, kisha ile hati hurudishwa kwa mweka hazina wa kaunti na kufutwa. Uliza kaunti kama hilo lilifanyika. Ikiwa deni la zamani bado limeandikwa kwenye hati ya gari, anza kulifuatilia leo, maana kumpata mkopeshaji wa miaka ishirini iliyopita na kumfanya asaini ni safari ndefu.

---

Mnunuzi_Iowa

Asanteni sana. Majibu ya kaunti: kibali kipo, cha mwaka huohuo 1998. Mashimo ya kipenyo cha inchi 24, kina inchi 42, yalikaguliwa kabla ya kumwaga. Hati ya gari ilishafutwa. Nondo hazikutajwa. Karatasi ya maelezo ipo kwenye kabati la jikoni na inasomeka.

Kwa hiyo kinachobaki ni nanga, bloku kavu, sketi, ulimi na baraza. Naomba kujua ukubwa wa kazi ili nijue cha kumwambia muuzaji. Na kuna jamaa ananishauri nimwage zege kuzunguka vichwa vya nanga zilizopo, eti injinia atapitisha. Mwingine anasema nibadilishe tu mkopo, nichukue usio wa FHA.

---

ZegeNaNondo

Tupige hesabu kwa nyumba ya 28 kwa 56. Vipimo vya mwisho ni vya injinia, hizi ni za kukupa picha.

Kila kipande kina boriti mbili za chuma, jumla nne. Nguzo zikiwa kila futi 8 na za mwisho zikikaa kama futi mbili kutoka nchani, kila boriti inapata nguzo 8, jumla 32, bila kuhesabu za mshono wa kati. Mshono wa kati unabeba paa, na chini ya kila uwazi mpana, kuanzia futi 4, lazima pawe na nguzo kila upande wa uwazi. Hizo zihesabu wewe mwenyewe ukiwa uvunguni, kwa sababu mahali pasipo na nguzo chini ya uwazi wa sebule ndipo nyumba hubonyea.

Besi moja ya kipenyo cha inchi 24 na kina cha inchi 42 ni futi za ujazo 11 za zege. Zege lina uzito wa takriban pauni 150 kwa futi moja ya ujazo, kwa hiyo besi ina uzito wa karibu pauni 1,650. Shika namba hiyo. Mkanda wa kawaida wa nyumba hizi, wa upana wa inchi moja na robo, umepimwa kubeba pauni 3,150. Ukiufunga kwenye besi ya pauni 1,650 hujapata nanga ya pauni 3,150. Umepata uzito wa besi na msuguano wa udongo unaoizunguka. Mnyororo huishia kwenye kiungo chake dhaifu, na injinia anakitafuta kiungo hicho.

Hapo ndipo lilipo jibu la zege kwenye vichwa vya nanga. Ndoo mbili za zege kuzunguka kichwa cha nanga ni kama futi moja na robo ya ujazo, hata pauni 200 hazifiki. Linazuia nanga isiyumbe pembeni, ndiyo, lakini kwenye kunyanyuka bado unategemea bapa lililosokotwa kwenye udongo, na mwongozo ulishalikataa. Usitumie hela hapo.

Kinachofanyika kwa kawaida ni kuongeza mikono ya chuma. Kila mkono unatoka kwenye besi ya zege na kupanda kwa mshazari mpaka kwenye boriti, mingine kwa upana wa nyumba, mingine kwa urefu. Idadi inatoka kwenye hesabu ya Ah kwa upepo wa eneo lenu na urefu wa nguzo. Nguzo ndefu zinadai mikono mingi. Kwa kunyanyuka, mikanda au vyuma vya pembe hufungwa kutoka kwenye boriti hadi kwenye besi kwa bolti zilizogundishwa kwa gundi ya epoksi ndani ya tundu lililotobolewa. Tundu lisafishwe kwa brashi na kupulizwa hewa mara kadhaa, kwa sababu epoksi ikikutana na vumbi hushika vumbi, na bolti inatoka na gundi yake kama kizibo. Wanaokimbilia kazi hukosea hapahapa. Tundu lisiwe karibu na ukingo wa besi, la sivyo zege linabanduka.

Bloku kavu: njia rahisi ni kuzipaka saruji yenye nyuzi pande zote nne, unene usiopungua 1/8 ya inchi. Nguzo ya bloku nne ina urefu wa inchi 32 na mzunguko wa futi 4, sawa na futi za mraba 10.7. Nguzo 32 ni futi za mraba 341. Mfuko wa pauni 50 hufunika takriban futi za mraba 50, kwa hiyo mifuko 7, nunua 9. Bloku zioshwe, zilowanishwe, na usipake kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, maana itakauka unga na kuanguka kwa ganda. Angalia pia bloku zimekaaje: matundu lazima yaelekee juu. Bloku iliyolazwa ubavu haina nguvu, na kuipaka ni kuficha tatizo. Hiyo inyanyuliwe kwa jeki na kupangwa upya. Kuna mainjinia wanaotaka zaidi, matundu yajazwe zege laini na nondo moja ishuke hadi ndani ya besi. Ndiyo maana uulize kabla ya kununua mifuko.

Kabari ziwe mbao ngumu, mbilimbili, zikigongwa kutoka pande zinazotazamana, na zisicheze ukizisukuma kwa mkono.

Kuhusu nondo ambazo hazikutajwa: mwongozo unataka besi ya zege lenye nondo, na huwezi kuziona kwa macho. Injinia anaweza kutumia kifaa cha kutambua chuma ndani ya zege. Besi fupi na nene kama hizo zinabeba kwa kubanwa zaidi kuliko kupinda, kwa hiyo wapo watakaokubali kwa hesabu na wapo watakaokataa. Muulize kwa simu kabla hajaja.

---

FundiUvungu

Naongeza kuhusu sketi, kwa sababu watu wengi hutumia fedha nyingi mahali pasipostahili. FHA hawakatazi plastiki. Kwa nyumba iliyokwishajengwa, wanataka sketi nyepesi iwe imeshikizwa eneo lake lote kwenye ukuta wa nyuma wa zege, matofali, mbao zilizotiwa dawa au kitu cha nguvu kama hizo. Fremu ya mbao juu na chini peke yake haitoshi.

Mzunguko wa nyumba yako ni futi 168, na sketi ya futi 3 inakupa futi za mraba 504. Bodi ya mbao ya futi 4 kwa 8 ni futi 32, kwa hiyo bodi 16, chukua 18. Ziwe za daraja la kugusana na udongo, na misumari au skrubu ziwe za chuma cha pua au zilizochovywa zinki moto, maana dawa ya shaba iliyomo kwenye mbao hula misumari ya kawaida. Ukuta huo ushikizwe kwenye nyumba kwa nguvu, na kwa Iowa usiukalishe juu ya majani tu. Ardhi ikiganda itausukuma juu, nao utainua ukingo wa sakafu. Chora na injinia jinsi utakavyoshuka chini.

Uvungu lazima upumue. Kanuni za ufungaji za HUD zinataka futi 1 ya mraba ya uwazi kwa kila futi 150 za sakafu. Kwa futi 1,568 ni zaidi ya futi 10, matundu mengi sana. Lakini ardhi yote ikifunikwa nailoni ya unene wa mili 6 (inchi 0.006), hesabu inashuka hadi 1 kwa 1,500, yaani futi moja na kidogo. Matundu manne yenye wavu, karibu na kila kona, yanaweza kukutosha. Vipande vya nailoni vipishane inchi 12. Nailoni ni rahisi kuliko matundu, na huzuia unyevu usipande kwenye sakafu.

Baraza: nyumba za kiwandani hazikuhesabiwa kubeba paa la ziada ukutani, tena lenye theluji. Ongezeko lolote likionekana, benki itadai ukaguzi wa jimbo, au taarifa ya injinia wa miundo pale ambapo jimbo halina wakaguzi wa kazi hiyo. Njia ya mkato iliyo halali ni kulitenganisha: weka nguzo za mbao upande wa nyumba kwenye besi zake za inchi 42, toa bolti ukutani, acha pengo dogo na ulifunike kwa bati la kuzuia maji. Baraza linalojisimamia halina habari na nyumba.

---

DawatiLaMkopo

Upande wa benki sasa.

Cheti cha zamani: kama mkopo wa awali ulikuwa wa FHA na cheti cha injinia kipo, kanuni za FHA zinaruhusu nakala yake itumike tena, mradi msingi haujabadilishwa na hauna uharibifu unaoonekana. Neno ni "wa FHA". Kama ulikuwa mkopo wa aina nyingine, barua yake haisaidii. Na baadhi ya benki zina masharti yao ya juu na hudai cheti kipya hata hivyo, kwa hiyo uliza kwanza. Kwa hali ya nanga ulizoeleza, sitarajii kilikuwepo.

Barua mpya iwe ya nyumba hiyo na kiwanja hicho: anwani, namba ya kiwanda, kauli kwamba msingi unalingana na mwongozo wa HUD wa Septemba 1996, sahihi ya injinia pamoja na muhuri au namba ya leseni. Barua zinazosema tu "msingi unaonekana imara" hurudishwa siku hiyohiyo. Kauli yenye "isipokuwa" ndani yake nayo hurudishwa. Namba ya leseni huangaliwa kwenye tovuti ya bodi ya jimbo, kwa hiyo injinia wa jimbo jirani asiye na leseni ya Iowa hafai. Jihadhari na wanaouza barua kwa haraka bila mtu yeyote kufika uvunguni.

Kubadilisha mkopo: ushauri huo ni nusu sahihi. Mikopo inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, haikitaji kitabu cha 1996, na VA, idara ya wanajeshi wastaafu, nao wana utaratibu wao. Lakini wote wanataka msingi wa kudumu, magurudumu, ekseli na ulimi vitoke, na nyumba iwe mali isiyohamishika. Unaweza kupata nafuu kwenye namna ya kuthibitisha. Sketi au baraza havitajirekebisha kwa sababu jina la mkopo limebadilika. Pia mkopo usio wa FHA leo maana yake mnunuzi wako wa kesho atakuuliza cheti hichohicho.

Angalia na ramani ya mafuriko. Kwa FHA, ardhi iliyo chini ya nyumba iwe kwenye au juu ya kiwango cha mafuriko ya miaka 100. Kama kiwanja kimo kwenye eneo hatari, utahitaji hati ya kupima mwinuko kabla ya kugusa bloku hata moja.

Nani alipe: ada ya injinia huwa dola mia kadhaa na mara nyingi ni ya mnunuzi. Marekebisho yanayokula maelfu yaandikwe kwenye mkataba kuwa ya muuzaji na yamalizike kabla ya siku ya kusaini. Usitie fedha kubwa kwenye nyumba ambayo bado si yako. Mkopo ukikwama kwa sababu nyingine, nanga zinabaki kwa muuzaji. Andika kwenye mkataba "hadi injinia atoe cheti cha mwongozo wa HUD", si "hadi msingi urekebishwe". Muuzaji anaweza kubishana kuhusu maana ya kurekebishwa. Kuhusu cheti hakuna ubishi.

---

Mnunuzi_Iowa

Muuzaji amekubali kulipia kazi. Injinia aje kabla ya fundi au baada?

---

FundiUvungu

Mara mbili. Mara ya kwanza kabla, atoe mchoro wenye idadi ya mikono ya chuma, sehemu zake, aina ya bolti na atakavyotaka bloku zishughulikiwe. Fundi afanye kwa mchoro huo tu. Fundi akianza kwanza, hata akifanya vizuri, injinia hawezi kuhesabia kitu asichojua kimezama kiasi gani ndani ya zege. Kubaliana naye mapema kama ada ni moja kwa safari zote mbili, na kama safari ya pili anakubali picha. Wapo wanaokubali picha zenye futi ya kupimia ndani yake, za kila besi, kila tundu kabla ya epoksi na kila bolti baada ya kukazwa.

Mlango wa uvunguni uwe mpana wa mtu kupita, na nailoni itandazwe baada ya yeye kuona besi. Bodi za sketi ziwe za mwisho kabisa, upande mmoja ubaki wazi mpaka atie sahihi. Mwambie fundi asikate mikanda na nanga za zamani hadi mikono mipya ikazwe. Na ulimi ukishatoka, piga picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma cha mbele uambatanishe na barua ya IBTS, kwa sababu mthamini ataihitaji namba hiyohiyo na ukishafunga sketi hutapenda kurudi kuisoma kwa tochi.